Macho kwa Mwalimu

Kile kipimo nilikitunga mimi mwenyewe, kwa kiherehere changu, wala hakuna mtu aliyenishikia fimbo. Mkuu wetu wa chuo alisema tu kikaoni kwamba wakubwa wanataka kujua wanachuo wanashiriki kiasi gani katika kujifunza, na akauliza kama kuna mkufunzi mwenye wazo. Wenzangu wote wakainama ghafla, utadhani wamedondosha sindano. Mimi nikanyoosha mkono. Jamani, mimi na mkono wangu! Nilikuwa nimetoka semina wiki iliyopita, semina ya chai na sambusa, na kichwa kilikuwa bado cha moto.

Mimi ni mkufunzi katika chuo cha ualimu hapa Mtwara. Somo langu ni saikolojia ya elimu, yaani nafundisha walimu watarajiwa namna mtoto anavyojifunza. Nalitaja somo mapema ili msomaji ajue aibu yangu ina ukubwa gani. Angekuwa mwalimu wa ufundi seremala kafanya niliyoyafanya, tungemsamehe.

Karatasi yangu ilikuwa na majina ya wanachuo upande wa kushoto na juu ina safu nne. Ya kwanza iliandikwa Macho kwa Mwalimu. Zikafuata Mkono Juu, Swali, na ya mwisho Mikono Imetulia Mezani. Nilikuwa nafundisha kidogo, nasimama, nawatazama, naweka vema kwa anayefanya, mkwaju kwa asiyefanya, halafu naendelea. Tatizo dogo ni kwamba kila nilipomaliza kuweka alama nilikuwa nimesahau nilikuwa nasema nini. Tatizo kubwa ni kwamba wanachuo si wajinga. Kalamu ilipopanda, macho yalipanda. Kalamu ilipotua, wakarudi kwenye simu zao na kwenye mazungumzo yao ya mpira. Mimi niliona macho tu, nikafurahi. Nilitengeneza mchoro wa rangi rangi na kuurusha kwenye kundi la wakufunzi la WhatsApp, nikasubiri pongezi. Mwalimu wa hesabu akajibu kwa kidole gumba kimoja. Nikamhesabu miongoni mwa wenye wivu.

Huyo mwalimu wa hesabu nilikuwa nimeshamdharau zamani. Ni mtu mpole, mzaliwa wa bara, ana tabia moja tu mbaya: kila kikao anachora. Anachora mitumbwi pembeni mwa ajenda, mtumbwi juu ya mtumbwi, na makasia yake. Kwa kipimo changu yule bwana alikuwa mkwaju kuanzia kichwani hadi unyayoni. Nilimwambia siku moja kwa utani, "Mwalimu, mimi ningekupima wewe, ungefukuzwa kazi." Akacheka, akaongeza nanga.

Sasa katika darasa langu la mwaka wa pili kulikuwa na binti mmoja kutoka Mahurunga, huko karibu na mto Ruvuma. Alikaa dirishani, msichana wa maneno machache, Kiswahili chake kina lafudhi ya kwao, mtaratibu mpaka unaudhika. Kila nilipopandisha kalamu, darasa zima lilinipa macho isipokuwa yeye. Yeye alitazama mapajani mwake. Haulizi, hanyooshi mkono, na mikono yake haionekani juu ya meza hata kwa dawa. Mikwaju ikajipanga mbele ya jina lake. Nikasema, huyu ana simu hapo chini, leo nitamkomesha.

Nikashuka kati ya madawati huku bado naongea, ili asinishtukie. Nikafika, nikachungulia. Haikuwa simu. Alikuwa anasuka ukili.

Kwa asiyejua pwani yetu, ukili ni ule mkanda mrefu unaosukwa kwa chane za ukindu, halafu mikanda inashonwa pamoja unapatikana mkeka. Ameuviringisha vizuri, umelala kwenye kanga mapajani, vidole vinakwenda vyenyewe. Damu ikanipanda.

"Loh! Hapa ni chuo au ni uani kwenu?"

Akasimama. "Nisamehe madamu."

"Mimi natoka jasho hapa mbele, wewe unatengeneza mkeka! Unataka nikuletee na mto ulale kabisa?"

Darasa likacheka. Yeye akatazama sakafu. "Nikiwa nasikiliza, madamu, mikono inataka kazi. Ikikaa bure nasinzia."

"Sasa kuanzia leo itakaa bure. Na uniangalie mimi ninapoongea. Mimi! Siyo miguu yako."

Hapa inabidi nimtaje bibi yangu, Mungu amrehemu, maana akisikia nimeisimulia habari hii bila kumtaja atafufuka. Mimi nimelelewa Mikindani, kwenye nyumba ambayo hakuna mwanamke aliyekaa mikono mitupu. Bibi alisikiliza taarifa ya habari akisuka ukili, alisikiliza mawaidha ya Ramadhani akisuka ukili, na umbea wa jirani, huo ndio alisuka mbio mbio. Ukimaliza kusema, anakurudishia yote, neno kwa neno, hata yale uliyotaka ayasahau. Na sisi watoto tulifundishwa kwamba mkubwa anapokusemesha unatazama chini. Siku nilipomkazia macho wakati ananiusia, alinitandika kofi la bega. "Unanitolea macho ya nini? Nimeota pembe?" Mimi niliyelelewa hivyo, nikaenda semina, nikanywa chai, nikarudi na safu inayoitwa Macho kwa Mwalimu. Mgeni kutoka mbali angekosea, tungesema hajui mila zetu. Mimi nilikosea na kanga ya bibi imo sandukuni kwangu.

Lakini wakati ule sikumkumbuka bibi hata kidogo. Nilikuwa mtaalamu.

Basi yule binti akatii. Kesho yake akaja bila ukili, akaweka mikono mezani kama nilivyoagiza, akanikodolea macho. Sijawahi kutazamwa vile tangu siku ya harusi yangu. Nikienda kulia, macho yananifuata. Nikigeuka kuandika ubaoni, nayahisi kisogoni. Nikampa vema, nikampa vema, mpaka safu zake zikapendeza kuliko za mtu yeyote. Katika mchoro wangu uliofuata mstari wake ulipanda juu moja kwa moja, nami nikauandikia maelezo kwenye kundi la wakufunzi: hivi ndivyo mwanachuo anavyoweza kubadilika akipata msimamizi makini. Msimamizi makini ni mimi, kama hukuelewa.

Kisha nikawapa jaribio. Yule binti, ambaye kabla ya hapo alikuwa anapata alama zake za katikati bila makelele, akaanguka vibaya. Maswali mengine aliyaacha meupe. Nikamwita ofisini nikiwa nimekasirika, maana sasa alikuwa ananiharibia mchoro.

"Umekuwaje? Mbona siku hizi ndiyo unasikiliza?"

"Nilikuwa nakutazama, madamu."

"Najua ulikuwa unanitazama. Nilisema nini kuhusu kumbukumbu ya mtoto?"

Akafikiri kwa bidii, namwona anahangaika. "Madamu una kidoti chini ya jicho la kushoto," akasema. "Na hereni moja inakaa chini kuliko nyingine. Hayo ndiyo nimeyashika. Ninakaza macho ili yasishuke, na nikiyakaza sisikii."

Nikagusa hereni. Kweli ilikuwa chini.

Ningeweza kucheka pale, yakaisha. Lakini kulikuwa na jambo moja nililolijua nikiwa naigusa ile hereni. Alama za ushiriki zilikuwa zimeshaingizwa kwenye hesabu za kumruhusu mwanachuo kwenda mazoezi ya kufundisha. Nani alipendekeza ziingizwe? Usiniulize. Binti alikuwa na ile mikwaju yote ya mwanzo, na sasa ana jaribio aliloanguka. Ukichanganya, haendi. Angebaki kusubiri mwaka mzima.

"Ukibaki mwaka huu itakuwaje?" nikamuuliza.

"Sitabaki, madamu. Nitarudi nyumbani. Mdogo wangu naye amemaliza kidato cha nne, na nyumbani wanasomesha mmoja mmoja. Walishaniambia nikikwama, zamu inakuwa yake." Hakulia. Alikuwa ananitazama usoni kwa macho yale yale niliyomfundisha mimi, na nakuambia ukweli, ningempa chochote ayaondoe.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kikao cha taaluma kinakaa Ijumaa, nitamsemea. Nikarudi kwangu mtaa wa Ufukoni kwenye bajaji huku nahutubia peke yangu, mpaka dereva akauliza kama naongea na simu.

Ijumaa nikawahi, nikamwambia kila niliyemkuta, hata mwalimu wa hesabu, kwamba leo namtetea binti wa Mahurunga. Nikakaa mbele kabisa, mgongo umenyooka, kalamu mezani, macho kwa mkuu wa chuo. Mkuu wetu ni mtu wa dini, mwema, lakini anasoma taarifa mstari kwa mstari pamoja na nukta zake. Umeme ukakatika, feni ikasimama. Mji mzima una gesi ya kuzalisha umeme chini ya miguu, sisi tunajipepea kwa ajenda. Akasoma habari za maji, za uzio, za mbuzi wa jirani wanaoingia bustanini. Mimi nikawa naitikia kwa kichwa na macho nimemkazia, huku ndani ya kichwa nikiipanga hotuba yangu. Ilikuwa hotuba nzuri, wallahi. Ilianza na bibi, ikapita kwenye nadharia, ikaishia kwa yule mdogo wake binti. Nilipofika pazuri nikaanza upya ili nipaboreshe. Katikati yake akili ikatoka kidogo ikaenda sokoni, kwa yule mama anayeuza ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, ya kuchemsha na chumvi ya pilipili, ikakaa huko kwa muda, ikarudi. Muda wote huo macho yangu hayakubanduka usoni kwa mkuu.

"Kwa hiyo hao wote wasubiri mwakani. Tumekubaliana?"

"Tumekubalianaaa!" tukaitikia.

Sauti yangu ndiyo iliyokuwa juu. Tangu darasa la kwanza tumezoeshwa hivyo, mtu akiuliza tumeelewana, mdomo unajibu wenyewe kabla hujajua umeulizwa nini. Nilikuwa bado natabasamu mwalimu wa hesabu aliponisogelea sikioni. Mbele yake karatasi ilikuwa imejaa mitumbwi, hakuna pa kuweka hata kasia.

"Si ulisema utamtetea yule binti wa Mahurunga?"

"Ndiyo. Tukifika kwenye kipengele chake."

"Tumeshapita. Ni miongoni mwa hao wa kusubiri. Mkuu ameviunganisha vipengele viwili, amesema mwanzoni kabisa. Na wewe umekubali, tumekusikia sote."

Nilihisi ubaridi katika chumba chenye feni iliyosimama. Mkuu alikuwa tayari kwenye mengineyo. Nikanyoosha mkono, ule ule mkono.

"Samahani mkuu. Naomba turudi nyuma, kwa yule binti wa mwaka wa pili."

Akanitazama juu ya miwani. "Mwalimu, hilo tumelifunga. Na wewe mwenyewe umekubali."

"Nimekubali, lakini sikuwa nimekubali."

"Nilikuwa nakuona," akasema, na hapo ndipo aliponimaliza, maana alisema kwa upole na furaha ya kweli. "Muda wote unaniangalia, unaitikia kwa kichwa. Nikasema moyoni, leo walau mmoja ananisikiliza."

Nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kukaa chini na heshima yangu, na mchoro wangu, na safu zangu nne ambazo mkuu alikuwa ameshaniahidi atazipeleka kwa wakubwa na jina langu juu. Binti angerudi Mahurunga Jumamosi, na mimi ningesikitika vizuri tu, kitaalamu. Au ningesema ukweli. Nikasimama. Mtu mzima mimi, mama wa watoto.

"Mkuu, sikusikia hata neno moja," nikasema. "Nilisikia mbuzi, basi. Baada ya mbuzi nilikuwa natunga hotuba, halafu nikaenda sokoni."

"Sokoni?"

"Kwa akili, mkuu. Kula ming'oko."

Walivyocheka! Katibu aliyekuwa anaandika muhtasari alilaza kichwa mezani. Nikawaacha, kisha nikaendelea kabla ujasiri haujaniishia. Nikasema, kwa kipimo changu mimi leo nimepata vema kila safu, na nimekubali kumrudisha mtu nyumbani bila kujua. Mwenzangu huyu hapa mwenye mitumbwi ana mikwaju mitupu, na ndiye aliyesikia kila kitu hata akaniambia. Nikasema binti alikuwa anasikiliza kwa mikono, nami nikamnyang'anya mikono nikampa macho, halafu nikampa jaribio. Kama kuna wa kusubiri mwakani, ni kipimo. Nilikuwa nimepanga kumtaja bibi kwa ufasaha mkubwa. Badala yake nilisema tu, "Bibi yangu angenitandika," nikakaa.

Mkuu alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Nadhani na yeye aliumia, maskini, maana mtu mmoja aliyedhani anamsikiliza alikuwa sokoni. Akauliza, "Kuna mwingine aliyesikia habari za uzio?" Hakuna aliyejibu isipokuwa mwalimu wa hesabu, na yeye alizieleza zote, hadi idadi ya nguzo. Basi ikaamuliwa binti apewe jaribio jingine baada ya kufundishwa upya sehemu ile, na zile alama za ushiriki zitolewe kwenye hesabu, za kila mtu. Mkuu akamalizia, "Tumekubaliana?" Safari hii watu walitazamana kwanza, wakijiuliza wameulizwa nini. Ndipo tukaitikia.

Nilimfundisha upya mchana, darasani, pamoja na wengine waliotaka. Aliweka ukili juu ya meza, waziwazi. Sikuweza kuzoea mara moja. Nilijikuta nainama ili nikutane na macho yake, nainama tena, mpaka mwanachuo wa nyuma akauliza kama mgongo unaniuma. Akafanya jaribio, akapata alama za kumtosha. Hazikuwa za ajabu. Sikumtengenezea mchoro.

Akapangiwa mazoezi huko huko kwao Mahurunga, na nani akapelekwa kumkagua? Nilikwenda kwa bodaboda, nikafika nimejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, nikapewa dawati la mtoto nyuma ya darasa, magoti yananigusa kidevu. Asubuhi njiani nilikuwa nimekula ming'oko, ya kweli safari hii, na nilikula vizuri. Binti alianza kufundisha hesabu za kutoa. Alivaa gauni la bluu, sauti yake ile ya taratibu, joto limetulia, nzi mmoja dirishani. Nikaweka fomu ya ukaguzi mbele yangu, nikamkazia macho.

Aliwapa watoto kazi, wakainamia madaftari. Kisha akashuka kati ya madawati, mdogo mdogo, kama ninavyoshukaga mimi. Akafika kwangu. Akatoa kitu mfukoni akakiweka juu ya fomu. Kilikuwa kipande cha ukili, kimeanzwa, chane zake zimening'inia.

"Shika madamu," akanong'ona. "Utalala."

"Nani analala?"

"Unanitazama sana."

Ningemjibu, lakini mtoto aliyekaa mbele yangu aligeuka kunichungulia, nikaona bora nishike. Sikuwa nimegusa ukili tangu bibi alipofariki. Vidole vilikwama, vikauliza njia, kisha vikaanza kwenda. Nilitazama mapajani. Na sijui niseme vipi, darasa likafunguka. Nilisikia mtoto wa safu ya pili akihesabu kwa kunong'ona. Nilisikia binti alipouliza swali na alipompa mtoto wa mlangoni jibu kabla mwenyewe hajamaliza kulitafuta. Nilisikia somo lote mpaka mwisho wake, na kengele ilipolia fomu yangu ilikuwa nyeupe, kwa sababu sikuwa na mkono wa kuandikia.

Tulikaa nje kwenye kibaraza nimpe maoni. Nikamweleza yote kutoka kichwani, mazuri aliyofanya, halafu lile la mtoto wa mlangoni, kwamba siku nyingine amsubiri, yule mtoto alikuwa yuko karibu kufika. Yeye alikuwa ameuchukua ukili wangu. Ulikuwa umepinda vibaya, namwona anaufumua chane kwa chane na kuusuka upya, ameinamisha kichwa, hajaninyanyulia macho hata mara moja. Niliendelea kusema.